Hesabu omu kwanza: kuunga spika na amplifaya nyingi kwenye gari

Konda wa Hiace ya Ngaramtoni alinikuta nafungua karakana saa moja asubuhi, amplifaya ameikumbatia kifuani.

"Shikamoo fundi. Hii ni ya tatu tangu Januari. Inapiga nyimbo mbili, inawasha taa nyekundu, kimya. Siku hizi wanatuuzia takataka."

"Marahaba. Gari iko wapi?"

Gari ilikuwa nje. Nyaya za spika zilining'inia chini ya kiti cha nyuma. Nikaweka mita kwenye omu, nikagusisha ncha mbili za upande wa kushoto. Ikasoma 0.9. Nikamwita aone mwenyewe. Halafu nikageuza amplifaya, nikamsomea maandishi ya ubavuni: kila upande usishuke chini ya omu 2. Zile mbili za mwanzo hazikuwa takataka. Zilibebeshwa mzigo usio wao mpaka zikaungua.

Kosa hili naliona kila wiki hapa Arusha, kwenye vifodi vya abiria, kwenye Noah za familia, hata kwenye magari ya watalii, na linanikera kwa sababu linakula hela ya watu wanaoitafuta kwa jasho. Ndiyo maana naliandika kwa kirefu.

Spika nyingi za gari ni za omu 4. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi koili ya spika inavyoubana umeme usipite ovyo. Wengi hudhani ukiongeza spika, ukinzani nao unaongezeka. Inategemea umeungaje. Ukiunga sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, ukinzani unashuka, kwa kuwa kila spika inaufungulia umeme njia nyingine ya kupita. Ni kama tangi la maji: ukitoboa tundu la pili, maji yanatoka mengi zaidi. Spika mbili za omu 4 zikiwa sambamba ni omu 2. Nne ni omu 1. Hiace ile ilikuwa na nne kila upande. Mita ilisoma chini kidogo ya 1 kwa sababu inapima waya wa koili tu, spika ikiwa imetulia. Spika ya omu 4 ikiwa nzima husoma 3 na pointi zake, haifiki 4 kamili. Ukiona spika ya omu 4 imesoma 1.5, hiyo koili imeanza kuungua.

Njia ya pili ni mfuatano: hasi ya spika ya kwanza inaingia chanya ya spika ya pili, na amplifaya inashika ncha mbili zilizobaki. Hapo unajumlisha, 4 na 4 ni 8. Kwa konda wangu nilichanganya njia zote mbili. Spika nne za kila upande nikazigawa jozi mbili. Ndani ya jozi mfuatano, inakuwa omu 8. Kisha jozi zenyewe nikaziunga sambamba, 8 kwa 8, inarudi omu 4. Spika ni zilezile nne, na amplifaya inaona kama imefungiwa moja tu.

Aliniuliza kama sauti haitapungua. Inapungua, lakini kidogo kuliko anavyoogopa. Kutoka wati 100 hadi wati 200 unaongeza desibeli 3 tu, na sikio linazitambua kwa shida, tena ndani ya gari lenye injini chini ya kiti. Amplifaya inayopiga kutwa nzima kwa omu 4 ina faida kuliko inayopiga nyimbo mbili kwa omu 1.

Jambo moja kuhusu kuchanganya spika. Watu wanachomoa spika za redio ya nyumbani, nyingi zikiwa za omu 8 au 6, na kuziunga pamoja na za gari za omu 4. Zikiwa kwenye mfuatano, yenye omu nyingi ndiyo inakula wati nyingi. Zikiwa sambamba, inakula zaidi yenye omu chache. Moja itapiga kelele na nyingine itanong'ona. Usichanganye.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye sabufa. Sabufa, spika kubwa ya besi, nyingi zina koili mbili, kwa hiyo nyuma utakuta vituo vinne vya waya badala ya viwili. Ikiwa kila koili ni omu 4, ukiziunga sambamba unapata 2, ukiziunga kwa mfuatano unapata 8. Mpaka hapo ni sawa. Sasa mtu ana amplifaya ya njia mbili, yaani yenye upande wa kushoto na wa kulia, na anataka kuzifunga njia zote mbili ziendeshe sabufa moja, yaani chanya ya njia moja na hasi ya njia nyingine. Ukifunga hivyo, kila njia inauona mzigo nusu. Sabufa ya omu 4 kila njia inaiona omu 2. Sabufa ya omu 2 kila njia inaiona omu 1, na amplifaya nyingi za njia mbili haziruhusu hivyo. Ndiyo maana ubavuni utakuta zimeandikwa namba mbili tofauti: moja ya kutumia kila njia peke yake, nyingine ya kuziunganisha. Isome hiyo ya pili kabla hujakaza skrubu.

Sasa amplifaya zikiwa mbili au tatu, shida inahamia kwenye umeme unaoingia. Wati za kwenye boksi usizitegemee. Tazama fyuzi zilizochomekwa kwenye amplifaya yenyewe. Ikiwa na mbili za ampea 30, jumla ni 60. Zidisha kwa volti 13.8 za injini ikiwa imewaka, unapata wati 828 zinazoingia. Amplifaya ya klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa moto, hutoa kama asilimia 80 ya hizo, karibu wati 660. Boksi likisema 3000, fyuzi imeshakujibu. Redio nayo ni hivyohivyo: imeandikwa wati 50 mara nne, fyuzi yake ni ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 13.8 ni wati 138 tu, na humo kuna taa, moto na mota.

Waya wa betri upimwe kwa ampea hizo. Kwa ampea 60 na urefu wa mita 5 natumia geji 4, karibu milimita za mraba 21, na kinachopotea njiani ni robo ya volti tu. Ukiweka geji 8, ambao ni mwembamba zaidi, zinapotea volti 0.6. Na ikiwa hiyo geji 8 ni alumini iliyopakwa shaba, inapotea volti nzima, amplifaya inakufa njaa na waya unapata moto. Kuijua ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ile nyingine inang'aa nyeupe. Madukani zote zinaning'inizwa pamoja, rangi moja, na muuzaji mara nyingi hajui anauza ipi.

Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichunika pale unapopita kwenye bati na fyuzi iko nyuma kwenye amplifaya, hakuna kitakachozuia moto.

Ethi za amplifaya zote, yaani nyaya za hasi zinazofungwa kwenye bati la gari, zifike kwenye bolti moja, waya uwe mfupi, unene uleule wa waya wa chanya. Kwangua rangi mpaka bati jeupe, kaza, kisha paka grisi au rangi juu, maana vumbi letu likikutana na mvua za masika kutu haichelewi. Bolti ya mkanda wa kiti iache. Ile inashika uhai wa mtu. Kila amplifaya ikiwa na ethi yake sehemu tofauti, utasikia mluzi kwenye twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, unaopanda kila dereva akikanyaga mafuta.

Waya wa rimoti, ule wa bluu wenye mstari mweupe unaotoka kwenye redio kuiwasha amplifaya, unatoa umeme mdogo sana. Amplifaya moja, sawa. Tatu, weka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, na ufuate namba za miguu yake: rimoti iende 86, ethi 85, betri kupitia fyuzi ndogo 30, na amplifaya zote zichukue kutoka 87. Rilei ya elfu chache inaokoa redio nzima.

Kwa wenye Coaster, Fuso na baadhi ya Land Cruiser, kuna jambo moja nililojifunza kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga amplifaya kwenye gari la volti 24. Nikaona betri mbili za 12, nikachukua umeme kwenye moja. Ilipiga vizuri. Baada ya wiki kadhaa mteja alirudi: betri niliyoichota imelala, ya pili imechemka mpaka maji yamekauka. Altaneta inachaji zote mbili kwa pamoja na haijui kwamba moja inanyonywa, kwa hiyo ile isiyonyonywa inajazwa kupita kiasi. Nililipa betri zote mbili. Tangu hapo napima kwanza, maana zipo Land Cruiser zenye betri mbili lakini ni volti 12, betri zimeungwa sambamba. Ikiwa ni 24 kweli, nunua kifaa cha kushusha volti chenye ampea za kutosha mzigo wako. Cha ampea 30 kinatosha kama wati 400 za kuingia, si zaidi.

Kwa magari yanayopanda Ngorongoro sichomelei viungo vya spika kwa risasi peke yake. Ile mitetemo inakata waya pale risasi inapoishia. Nabana kwa koleo, navisha mpira, kisha nafunga waya kwenye bati kila baada ya shubiri.

Hiace ya Ngaramtoni ilirudi Jumamosi kukaguliwa. Kushoto mita ilisoma 3.5, kulia 3.4. Amplifaya, ileile ya tatu, ilikuwa imepiga tangu alfajiri na niliweza kuushika ubavu wake kwa kiganja bila kuutoa. Bolti ya ethi ilikuwa imelegea kidogo. Nikaikaza robo mzunguko, konda akagonga bati, wakaondoka kuwahi foleni kituoni.