Usingizi wa nyasi: uwanja wa gofu ukigeuka kahawia

Julai 2018, waliotazama mashindano ya gofu ya The Open kutoka Carnoustie, Uskoti, waliona uwanja wa rangi ya makuti makavu. Mpira ukishatua ulikuwa unakimbia kana kwamba umeangukia lami. Mwitaliano Francesco Molinari ndiye aliyeondoka na kombe. Ungedhani nyasi zile zimekufa, kumbe nyingi zilikuwa zimelala.

Usingizi wa nyasi ni hali ya mmea kuacha majani yake yakauke ili kuokoa kilicho chini. Na kilicho chini ni kishina, kipande kifupi kilicho usawa wa udongo, ambapo majani huchipukia kwa juu na mizizi kwa chini. Nyasi za nchi za baridi, kama feskyu na raigrasi, hustawi kwenye joto la nyuzi 15 hadi 24 hivi za Selsiasi. Joto likizidi sana na mvua ikakataa, zinaacha kukua. Kishina kikibaki hai, mvua ikirudi na majani yanarudi.

Utajuaje kama zimelala au zimekufa? Piga goti, shika kishungi kimoja, vuta. Kikikaza, na ukikichimbua ukakuta kishina cheupe, kigumu, subiri. Kikitoka kama unywele uliokatika, kikavu na cha kahawia mpaka ndani, hapo pana kipara na patahitaji mbegu. Mtunza uwanja mzuri hufanya hivi sehemu kadhaa kabla hajatoa hata shilingi ya mbegu.

Kosa la haraka ni kukimbilia mpira wa maji. Udongo wa kichanga ukikauka kupita kiasi huyakataa maji: mabaki ya mimea yaliyooza huacha utando kama wa nta kwenye punje za mchanga, na tone ukilidondosha linakaa juu kama shanga. Unaweza kumwagilia usiku kucha, asubuhi ukachimba sentimita tatu ukakuta vumbi. Dawa yake inafanya kazi kwa namna ya sabuni, inavunja ule ukaidi ili maji yapenye. Pamoja nayo huja kutoboa: mashine yenye vibomba vya chuma vilivyo wazi katikati inang'oa vipande vya udongo, kila kimoja chembamba kama kidole, kisha mashimo yanajazwa mchanga. Hewa inaingia, maji yanaingia, mizizi mipya inapata njia.

Mbegu ina wakati wake. Kwa Uingereza, mwisho wa Agosti na Septemba ndio wenyewe: udongo bado una joto la kiangazi, umande umerudi, mvua ziko njiani. Raigrasi huota ndani ya wiki moja hivi, feskyu huchukua muda zaidi. Ukichelewa hadi Novemba, mbegu inakaa tu inasubiri ndege. Mbolea nayo iwe ya kiasi, maana naitrojeni nyingi wakati wa baridi kukaribia hulainisha majani na kukaribisha magonjwa ya ukungu.

Kuna jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko yote. Ukame huchagua. Poa annua, nyasi yenye mizizi mifupi inayojipenyeza bila kualikwa kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo la mpira, mara nyingi hufa mapema, wakati feskyu yenye mizizi mirefu inalala na kuamka. Kwa hiyo vile vipara ni nafasi adimu ya kuotesha nyasi unayoitaka. Lakini usizubae, kwani Poa huwa imeacha mbegu tele udongoni, na ukichelewa itaamka kabla yako.

Ukoka wetu wa huku kwetu una tabia ya kinyume: jua haliusumbui sana, unalala baridi ikiuma. Ndiyo maana kwenye uwanja wa gofu wa Augusta, Marekani, panapochezwa mashindano ya Masters, kila msimu wa kupukutika majani hupandwa raigrasi juu ya ukoka unaoelekea kulala, na kijani unachokiona kwenye televisheni mwezi wa Aprili kwa sehemu kubwa ni cha raigrasi.

Anayelalamika zaidi katika haya yote ni mchezaji. Anafika Septemba, jua limepoa, anakuta grini imejaa vitundu na mchanga, na mpira unarukaruka. Aipe wiki mbili tatu, vitundu vitaziba.