Pango la Amboni haliendi Mombasa

Kila nikipeleka wageni Amboni, swali ni lile lile: eti ukiingia humu unatokea Mombasa? Wengine husema Kilimanjaro, na wana ushahidi: kuna mbwa aliyepotelea pangoni akaibukia huko. Nimekua nikiisikia hadithi hiyo na siichukii. Ila kazi yangu ni mawe, na mawe yanakataa.

Pango halivuki mpaka wa jiwe lililolizaa. Mapango haya, kama kilomita 8 kaskazini ya Tanga mjini, yamechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, na ukanda wa mawe hayo ni mwembamba. Ukishika njia ya magharibi unakuta mawe ya mchanga ya kale zaidi, yaitwayo Karoo, kisha naisi, yale mawe makongwe yaliyojenga Usambara. Maji ya mvua hayawezi kuyayeyusha hayo yakatoboa njia. Mombasa nayo imekaa juu ya matumbawe ya juzi tu. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliingia na vipimo vyao: pango refu kuliko yote halikufika hata kilomita 1.

Hili la "juzi" lina maana yake. Jiwe la Raskazone, ufukwe wa hapa Tanga mjini, lile lenye vijishimo linalokata miguu ya waogeleaji, ni tumbawe la miaka laki moja na kidogo. La Amboni lina miaka kama milioni 170. Wakati huo Madagaska ilikuwa bado imebanana na pwani yetu, ndiyo kwanza inaanza kubanduka, na bahari ikaingia kwenye ufa. Maji yalikuwa ya kina kifupi, yenye joto. Tope la chokaa na magamba vikatua chini, tabaka juu ya tabaka. Bahari hiyo hiyo iliacha mawe ya Kambe kule Kilifi. Huko ukichukua kipande ukakiweka chini ya lenzi, utaona vipunje mviringo vimeshikana kama mayai ya samaki.

Kutofautisha haya mawili hakuhitaji maabara. La ufukweni ni jepesi na umbo la tumbawe bado unaliona kwa macho. La Amboni ni la kijivu, zito, na ukiligonga kwa nyundo linalia. Ukikwangua unga kidogo ukakamulia ndimu, yote mawili yatatoa povu. Chokaa ni chokaa.

Pango lenyewe ni kazi ya ndimu hiyo hiyo, ila iliyozimuliwa sana. Mvua hubeba kaboni dioksidi ya hewani, ikipita kwenye udongo wenye mizizi inaongeza nyingine, inakuwa asidi hafifu. Inapenya kwenye nyufa, inalamba jiwe polepole. Ikifika pangoni na kudondoka, gesi inatoka na chokaa inabaki darini. Ndiyo yale maumbo ambayo waongozaji humulika kwa tochi wakikuonyesha tembo na msikiti. Jamani, msiyashike! Mafuta ya vidole yanazuia chokaa mpya kushika, na umbo linakoma kukua.

Na yule mbwa? Nadhani alitokea tundu jingine upande wa Mto Mkulumuzi, akanywa maji, akarudi kwao.