Kwa nini ghorofa huota Kilimani na mwakilishi wadi hana la kufanya?

Ukikaa miaka kumi bila kufika Kilimani au Kileleshwa, Nairobi, utapotea njia. Palipokuwa na nyumba moja ya chini, ua mpana na mijakaranda, leo ni mabati, kreni, na jengo la ghorofa kumi na tano linaloangalia chumba cha kulala cha jirani. Wakazi huandika barua, humpigia simu mwakilishi wadi, mkutano huitishwa, picha hupigwa. Kesho yake kreni inazunguka kama kawaida.

Wengi husema mheshimiwa amelambishwa asali. Huenda. Lakini hata asipoonja tone, kalamu haiko mkononi mwake.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kupanga ardhi. Nairobi ina wadi 85, na mwakilishi wa kila wadi hutunga sheria na kuchunguza serikali ya kaunti. Kibali cha ujenzi hutoka upande wa gavana: waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya miji, ambaye huteuliwa, pamoja na maafisa ambao majina yao hukuyaona kwenye karatasi ya kura. Mwakilishi anaweza kuuliza swali katika bunge la kaunti, anaweza kuomba kamati izuru ploti. Kuifuta ramani iliyokwisha kupitishwa hawezi.

Na ukimkimbilia mbunge, kuna hesabu ya kura. Kilimani na Kileleshwa ziko katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kawangware, Gatina na Kabiro. Mtu wa Gatina anayenunua maji kwa mtungi hatamlaumu mbunge kwa sababu kivuli cha jengo kimeangukia bustani ya mtu mwingine. Na wapangaji si haba wa fleti hizo hupiga kura kwao mashambani.

Lakini uchungu wenyewe uko kwenye kalenda. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali atangaze mradi wake ili umma upinge ukitaka. Maombi yakishaingia, saa inaanza kuhesabu. Siku 60 zikipita bila mwombaji kujibiwa kwa maandishi, sheria inachukulia kwamba ameruhusiwa. Yaani faili likilala kwenye meza ya afisa, anayefaidika ni mjenzi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nairobi mshindo wake ni wa mashine ya kuchimba msingi.

Sasa mtazame jirani. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango. Zinahesabiwa tangu siku ya uamuzi, na siku hiyo hakuna anayembishia hodi kumwambia. Yeye hujua kuna mradi mabati yanapopigwa misumari, na mara nyingi siku hizo 14 zimeshakwisha. Mlango wa pili ni leseni ya mazingira inayotolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ambayo hupingwa mbele ya jopo la kitaifa la mizozo ya mazingira ndani ya siku 60. Kabla ya leseni, majirani wanapaswa kuulizwa maoni. Wakazi hulalamika kwamba anayeulizwa ni mlinzi wa getini, naye husaini tu ili aachwe aendelee na kazi yake.

Si kwamba hakukuwa na mipaka. Mwongozo wa ujenzi wa jiji wa 2004 uliiruhusu mitaa hii fleti za ghorofa nne, tena palipo na bomba la majitaka. Ila jiji halikusubiri: sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 2.1 Nairobi, ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Watu hao lazima walale mahali, na mimi siwaonei huruma sana wanaotaka nusu eka iwe ya familia moja milele katikati ya jiji. Hasira yao inayonigusa ni ya bomba. Ploti ya watu sita ikigeuka ya mia tatu, bomba lililo chini ya barabara linabaki lile lile, maji ya mfereji hayatoshi, na kila jengo linachimba kisima chake.

Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, alikuwa akitetea ardhi ya umma, na jengo halikujengwa. Huku Kilimani ardhi ni ya mtu binafsi, ana hati na ana kibali. Kinachobaki ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa pesa za wakazi wenyewe. Wakili anapokamilisha makaratasi, msingi umeshamwagwa zege, na fleti ya ghorofa ya tisa, ambayo bado ni hewa tupu, imeshauzwa.