Utafutaji wa karibu: maana yake kwa biashara ndogo

Simu imemponyoka mtu mkononi na kioo kimepasuka, ila bado inasoma. Hapo hapo anaandika "fundi simu karibu nami". Kinatokea kiramani kidogo chenye alama tatu, na chini yake majina matatu. Kila jina lina nyota zake, umbali, saa za kufunga na kitufe cha kupiga. Anagusa la pili, anauliza kama wana kioo cha simu yake, anaenda. Tovuti ya mtu hajafungua hata moja.

Kisa hicho kifupi ndicho utafutaji wa karibu. Kazi ya kuifanya biashara yako iwe miongoni mwa majina hayo, wanaofanya masoko ya mtandaoni huiita SEO ya eneo. Si lazima mtafutaji aandike neno "karibu". Anayeandika "jinsi ya kunoa kisu" anataka maelezo, na maelezo yaweza kutoka popote duniani. Anayeandika "kunoa visu" tu, yaelekea anataka mtu wa kumpelekea kisu chake, na mtambo wa kutafutia, kama Google, hukisia hivyo. Alipo mtafutaji hujulikana kwa GPS ya simu, kwa Wi-Fi zilizo jirani au kwa anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye intaneti.

Nafasi zenyewe ni chache. Hadi katikati ya 2015 Google ilikuwa ikionyesha majina saba chini ya ramani. Agosti mwaka huo ikayapunguza yakabaki matatu. Wengine wapo, lakini mpaka mtu abonyeze kuona zaidi, na mwenye haraka habonyezi.

Nani anaingia kwenye hao watatu? Google yenyewe hutaja mambo matatu makubwa: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake, na umaarufu wake. Husema pia wazi kwamba nafasi hizo haziuzwi. Matangazo ya kulipia yapo, ila yana alama yake. Kwa hiyo anayekupigia simu na kukuahidi nafasi ya kwanza ukimlipa, anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Umbali huna la kuufanya. Duka liko pale lilipo, na anayejiandikisha kwa anwani ya uongo ili aonekane katikati ya mji hujiweka katika hatari ya kufungiwa wasifu wake wote kwenye Google. Yanayobaki ni mawili, na kwa maoni yangu la kulingana ndilo linalopuuzwa zaidi, labda kwa sababu linafanana na kujaza fomu.

Fomu yenyewe ni wasifu wa bure uitwao Google Business Profile, ambao hadi 2021 ulijulikana kama Google My Business. Humo unachagua aina moja kuu ya biashara, na unaweza kuongeza nyingine za ziada. Sasa mchukue fundi cherehani ambaye, kwa kuwa ametundika magauni mawili matatu mlangoni, amejiandikisha kama "duka la nguo". Kwa chaguo hilo moja amejitupa kwenye ushindani na maduka yote ya nguo mjini, na mtu anayetafuta wa kumpunguzia suruali anaonyeshwa mafundi wengine, hata kama fundi huyu yuko mlango wa pili. Hana kosa la kazi wala la bei. Amejiita tu jina ambalo mteja wake halitafuti.

Wengine hukimbilia kwenye jina la biashara. Zamani za vitabu vya simu, watu waliziita kampuni zao AAA ili zitangulie kwenye orodha. Siku hizi hila hiyo imegeuka kuwa kurundika maneno: "Fundi Bora Bei Nafuu Cherehani Karibu Nawe". Kanuni za Google zinataka jina lile lile lililoandikwa kwenye kibao cha mlangoni, basi. Waliorundika husogea juu kwa muda, kisha mshindani mmoja anawaripoti.

Halafu kuna saa za kazi, jambo dogo lenye hasara kubwa. Wasifu unasema unafunga saa 11 jioni kumbe hufunga saa 2 usiku: kwa saa tatu kila siku unaandikwa "imefungwa" huku umekaa mlangoni unasubiri wateja. Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Mtu aliyefunga safari siku ya sikukuu akakuta kufuli hatakusamehe kirahisi, na maoni yake atayaandika akiwa bado amesimama nje. Wasifu una sehemu ya saa maalumu za sikukuu, itumie.

Umaarufu hupimwa kwa wingi wa maoni ya wateja na nyota walizotoa, na pia kwa jinsi biashara inavyotajwa na kuunganishwa na tovuti nyingine. Kuomba maoni ni halali. Mwombe mteja papo hapo, kazi ikiwa bado mkononi mwake. Kumpa punguzo ili aandike hairuhusiwi na Google, na kununua maoni ya uongo kumekuwa kosa la kulipishwa faini kubwa Marekani tangu Oktoba 2024. Maoni mabaya nayo yajibu, kwa ufupi: "Pole, zipu hiyo tulipaswa kuikagua kabla ya kukupa. Ilete tuirekebishe bila malipo." Jibu hilo mlalamikaji huenda asilisome kabisa, lakini mteja mgeni anayekupima atalisoma.

Fundi bomba au msafishaji anayewafuata wateja makwao halazimiki kuonyesha anwani. Anaificha na kutaja maeneo anayohudumia. Kama una tovuti, andika humo kwa maneno ya kawaida unafanya nini, uko wapi na namba yako, na uhakikishe namba hiyo ni ile ile iliyoko kwenye orodha ya biashara ya Bing, kwenye ramani za Apple, kwenye kurasa zako za mitandao ya kijamii na kila kwingine ulikowahi kujiandikisha. Namba ya zamani iliyosahaulika mahali fulani huendelea kupigiwa na wateja, na wewe hujui.

Ukimaliza, usijipime ukiwa umekaa dukani. Hapo umbali ni sifuri, na kuna uwezekano mkubwa utajiona wa kwanza na kufurahi bure. Nenda kilomita moja au mbili, tafuta kwa maneno ambayo mteja angeyatumia, tena bila kutaja jina la biashara yako. Kisha nenda upande wa pili wa mji urudie. Orodha mbili hizo hazitafanana, na utaona kwa macho yako unaonekana hadi wapi na unaanza kupotea wapi.