Je, wajua mbona mtoto keshazoea poti mchana lakini usiku bado yuwalowesha godoro?

Mtoto ana miaka mitatu, pampasi za mchana ashaziaga zamani, akibanwa anasema mwenyewe, hata akiwa barazani yuwacheza na wenzake anaacha mchezo anakimbia ndani. Mamake ashajisifu kwa majirani wote wa mtaa. Halafu kila asubuhi shuka chapachapa na chumba kizima chanuka mkojo, sasa mtu anajiuliza huyu ni mvivu, ni kiburi ama ni nini, mbona mchana aweza usiku hawezi? Na ukiuliza wazee hapa Amu (yaani Lamu) utaambiwa huyo jana alichezea moto, manake sisi sote tumekuzwa na hilo, ukichezea moto utakojoa kitandani (mimi naona lilitungwa tusichome nyumba za makuti, na kwa hilo lilifaa sana).

Jibu ni kwamba kazi ya mchana na kazi ya usiku ni mbali mbali. Ile ya mchana mtoto hufunzwa, unamkalisha kwenye poti, unamsifu, anashika. Ya usiku hakuna somo la kumpa, ni mwili wenyewe uive.

Iko hivi. Ukilala usiku, tezi moja ndogo chini ya ubongo inatoa kwa wingi homoni iitwayo vasopresini, na hii kazi yake ni kuziambia figo zipunguze mkojo, ni kama mtu ameufunga mfereji nusu. Ndo maana wewe mtu mzima unalala saa nne unafika alfajiri bila kuamka, na ule mkojo wa kwanza wa asubuhi huwa umekoza rangi. Kwa watoto wengi wadogo mpango huu wa usiku haujakaa sawa, figo zinaendelea tu kutoa mkojo kama mchana. Sasa na kibofu chenyewe ni kidogo, hesabu ambayo madaktari hutumia ni umri wa mtoto ongeza moja, zidisha kwa 30, unapata mililita, kwa hiyo wa miaka mitatu ni kama 120 na wa minne ni 150, yaani nusu ya ile chupa ndogo ya soda. Hiyo ikijaa saa saba usiku ni moja kati ya mawili, aamke ama itoke.

Na kuamka ndo penyewe hasa. Kibofu kikijaa kinapeleka habari kwenye ubongo, lakini ubongo wa mtoto aliyelala bado haujajua kuipokea na kumuamsha. Watafiti washajaribu kuwaamsha watoto wa aina hii kwa sauti kubwa wakaona ni wagumu kuamka kuliko wenzao, kwa hivyo ukisikia mzazi asema "huyu analala kama gogo" hasemi uongo. Sasa mtu kama huyo umchape kwa nini? Alikuwa amelala fofofo, hata habari hana. Kumchapa, kumwita kikojozi mbele ya wenzake, kumbebesha godoro mwenyewe alitoe nje mtaa mzima uone, hakuna hata moja katika haya linaloongeza homoni wala kupanua kibofu, unamtia hofu tu mpaka aanze kuogopa hata kulala kwenyewe.

Tena kabla hujamnunia mtoto, uliza bibi zake wa pande zote mbili. Jambo hili hufuata damu. Ikiwa baba na mama wote walikuwa vikojozi, karibu watoto 77 kwa 100 nao watachelewa kukauka, akiwa mzazi mmoja ni kama 44, na wasipokuwa nalo wote wawili ni kama 15. Kwa hivyo baba mtu anayekunja uso asubuhi na akaulizwe kwa mamake kwanza.

Na umri pia watu wanauharakisha mno. Madaktari hawaanzi kuliita tatizo mpaka mtoto apite miaka mitano, na hata hapo kwenye mitano karibu watoto 15 kwa 100 bado wanakojoa usiku, wavulana zaidi ya wasichana, na kila mwaka unaopita kiasi cha 15 kwa 100 katika hao waliobaki huacha wenyewe bila dawa yoyote. Kwa hiyo wa miaka miwili mitatu ambaye pampasi yake ya asubuhi ni nzito kila siku, mwache nayo. Ukiona asubuhi kadhaa mfululizo iko kavu, hapo ndo ujaribu kuivua.

Yako mambo ya kusaidia lakini. Maji usimnyime, Lamu hii na joto la kaskazi ukimnyima mtoto maji utamletea ugonjwa mwengine, la maana ni kuyasogeza, anywe vya kutosha asubuhi na mchana halafu saa moja hivi kabla ya kulala apunguze. Cha kuangalia hasa ni chai! Sisi mtoto wa miaka mitatu tunamwekea kikombe chake cha chai na hamri usiku na hatuoni kitu, na chai ina kafeini, inaongeza mkojo na kukisumbua kibofu, na soda nyeusi vile vile. Madafu na tikiti pia mpe mchana. Mwezi wa Ramadhani ndo mambo huharibika zaidi, manake mtoto anakesha na wakubwa, anakunywa juisi baada ya futari, anaamshwa daku anakunywa tena, kwa hiyo huo si mwezi wa kumuanzishia jambo hili. Na kipindi cha kusi kukipoa usishangae akizidisha, jasho likipungua maji yanatokea kwengine.

Angalia na choo kikubwa. Mtoto aliyefunga choo siku nyingi, utumbo umejaa unakibana kibofu, na wazazi wengi hawaunganishi haya mawili kabisa. Papai na mboga, anywe maji, wakati mwengine hilo peke yake laleta tofauti.

Kisha njia ya kufika chooni. Nyumba zetu za zamani ngazi ni kali na giza, na hata akiamka kuna chandarua kimechomekwa pande zote chini ya godoro, mpaka ajitoe mule mambo yashaisha. Weka poti hapo hapo kando ya kitanda na taa ndogo, na akojoe kabla tu ya kupanda kitandani. Ile ya kumbeba saa tano usiku amefumba macho umkojoleshe inaokoa shuka, sikatai, lakini haimfunzi kuamka. Godoro litandike karatasi ya nailoni chini ya shuka, manake godoro la sponji likishalowa mwezi wa tano na mvua ile, kulikausha ni kazi.

Kuna kengele za kuvaa usiku zinazolia mkojo ukianza tu kutoka, wazo lenyewe ni la 1904, daktari wa watoto Mwaustria aitwaye Pfaundler alitengeneza ya kuwajulisha wauguzi akaona watoto wenyewe wanaacha kukojoa. Hizo pamoja na vidonge ni za watoto waliopita miaka mitano sita, na daktari ndo aamue.

Kisichongoja umri ni hiki: mtoto alikuwa mkavu miezi sita au zaidi ghafla akaanza tena, ama analia akikojoa, ana homa, anakunywa maji mno na huku anakonda, ambayo yaweza kuwa kisukari, ama anakoroma sana usiku. Na mkojo ukiwa na damu mpeleke siku hiyo hiyo akapimwe, huku Pwani kichocho kipo na dawa yake ipo.