Mtoto mchanga na vitabu vya rangi

Wengi wameshikilia kwamba mtoto mchanga haoni rangi kabisa, basi hununuliwa vitabu vya nyeusi na nyeupe tu kwa miezi mingi. Sivyo. Hata wiki za mwanzo huweza kutambua wekundu uliokolea, mradi picha iwe kubwa. Kinachomshinda ni rangi hafifu, na vitu vilivyo mbali zaidi ya sentimita 30 hivi. Kufikia miezi 4 huona rangi mbalimbali vizuri. Kwa hiyo tafuta kitabu chenye nyanya moja nyekundu iliyojaa ukurasa mweupe. Zile kurasa zilizosheheni vikaragosi vya rangi za kupauka huwapendeza zaidi wazazi. Majina ya rangi hayana haraka: watoto wengi huanza kuyapatia kati ya miaka 2 na 3.