Lundo la mboji halipikwi na jua: dhana potofu kuhusu bakteria wapenda joto

Dhana: Jua ndilo linalochemsha lundo.
Ukweli: Lundo la kivulini huchemka vilevile, hata usiku wa baridi. Joto ni la bakteria wenyewe, wanapokula taka kwa kutumia oksijeni. Wa kawaida ndio huanza. Likipita nyuzi 45 za Selsiasi huwapisha wapenda joto kama Geobacillus na Thermus. Jua kali hukausha tabaka la juu tu, na pakavu bakteria hawali. Funika kwa majani ya mgomba.

Dhana: Bila dawa ya kuanzishia, halichemki.
Ukweli: Okoa hela zako. Bakteria hao wamo tayari kwenye udongo, samadi na majani makavu. Lundo likigoma, kagua ujenzi wake. Likiwa chini ya mita 1 kila upande, joto hutoroka. Likiwa mabua matupu, nitrojeni haitoshi: weka ndoo 2 au 3 za vitu vikavu (mabua, maranda, pumba) kwa ndoo 1 ya majani mabichi au samadi. Kisha kamua konzi moja. Tone moja au mawili yanatosha. Yakichuruzika, maji yamezidi na hewa haipiti.

Dhana: Kadiri linavyozidi moto ndivyo linavyoiva upesi.
Ukweli: Kazi hunoga kati ya nyuzi 50 na 65. Karibu na 70 wengi hufa au hujifungia kwenye spora (ganda gumu la kujikinga), na uozaji hudorora. Huna kipimajoto? Chomeka mti mrefu hadi katikati, uchomoe baada ya dakika 10. Ukishikika kwa shida, mambo ni mazuri. Ukitoka wa moto lakini mkavu, mwagia maji. Ukinuka yai viza, hewa imekwisha: geua, ongeza maranda. Harufu kali ya mkojo ni nitrojeni inayopotea hewani, na wanaomwaga majivu mengi huizidisha.

Dhana: Utando mweupe ni dalili ya kuharibika.
Ukweli: Mara nyingi ni aktinomiseti, bakteria wanaotafuna selulosi (nyuzinyuzi ngumu za mimea). Vumbi lake tu ndilo baya kwa mapafu. Lowesha kabla ya kugeua.

Dhana: Likishachemka mara moja, vimelea na mbegu za magugu vimekwisha.
Ukweli: Vimekufa vya katikati. Marekani, kwa tope la majitaka linalotengenezwa mboji katika matuta ya kugeuliwa, kanuni hudai nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na kugeua mara 5, ili kila cha pembeni kipate zamu yake ndani.